Kibuyu Kilichonuka Limau

Hasira ya Chepkurui ilianzia puani.

Lakini kabla ya pua yalitangulia macho. Calvince alifika siku hiyo ya Jumatano saa kumi kasorobo, mvua ya Kimulot ikiwa imekwisha kuanza kupiga mabati. Alikuwa ameketi nyuma ya pikipiki, begi la turubai amelikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa siku saba. Viatu vyake vilikuwa vyeupe. Mtu anayevaa viatu vyeupe kuja Kimulot mwezi wa nne, ama hapajui, ama mapenzi yamempofusha, na Calvince alipajua. Alizaliwa ng'ambo ya bonde, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, mtoto wa Ouko na Ayoo, watu waliotoka ziwani wakachuma majani mpaka vidole vikawa kama gome la mti.

Chepkurui alimwona kupitia dirisha la jikoni. Wiki tatu nzima hawajaonana. Akafuta mikono kwenye leso, akaifuta tena ingawa haikuwa na maji. Alipotoka mlangoni, Calvince alikuwa amesimama pale pale mvuani, anamtazama tu, matone yanamtiririka kwenye kope na yeye hapepesi.

"Nyar Kimeli," akamwita. Ndivyo alivyozoea kumwita, binti Kimeli, kwa lugha ya kwao.

"Umekonda."

"Ni kazi. Wananikimbiza msituni siku nzima."

"Na wanakushika?"

"Kila siku. Wakinishika nakufa."

Chepkurui akacheka. Hakucheka tena siku hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa filamu. Ilikuwa hadithi ya mchuma chai aliyepigwa na radi pale Kericho, badala ya kufa akapata nguvu za kuinua lori kwa mkono mmoja. Shujaa huyo alichezwa na kijana mmoja kutoka Nairobi, mwenye mabega. Calvince alikuwa rafiki yake. Hata jina hakupewa. Kwenye karatasi za maneno aliandikwa RAFIKI tu. Kazi yake ilikuwa kukimbia nyuma ya shujaa akiwa amebeba kibuyu, na shujaa akiishiwa nguvu, Rafiki anamnywesha maziwa meusi, nguvu zinarudi. Ukurasa wa arobaini Rafiki anauawa, ili shujaa apate kukasirika vizuri.

Na kibuyu alichobeba kilikuwa cha Kogo.

Kogo Tapkigen, nyanya yake Chepkurui, alikuwa na vibuyu vitano, sotet kwa lugha ya kwao, lakini kimoja hakikuwa cha kila siku. Kilikuwa kirefu, chekundu kama udongo wa barabarani, kifuniko chake cha ngozi kimezungushiwa simbi ndogo ndogo, na ubavuni kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi wa kano za ng'ombe kabla Chepkurui hajazaliwa. Alikipata kwa mama mkwe wake. Ndicho alichomiminia wageni binti zake wanne walipoposwa. Wageni wa posa wakifika, nyanya wa nyumba humimina mursik, maziwa ya mgando yenye mkaa, kwa mkono wake mwenyewe, kikombe cha kwanza kwa baba ya kijana, na hapo ndipo maneno yanaanza. Nyanya asipomimina, hakuna maneno. Watu wataongea mambo ya mvua na ng'ombe, halafu watarudi kwao.

Wakwe zake mwenyewe walipokiomba kwa arusi za kwao, Kogo alikataa. Calvince alipokiomba kwa filamu alikubali. Alisema tu, "Wewe ni mtoto wa hapa. Kirudi Jumatano. Jumatano natia maziwa, Jumamosi watu wako wa posa wanakunywa."

Sasa Jumatano ilikuwa imefika, na kibuyu kimerudi.

Kogo alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, kila kitu kimekwisha kuandaliwa. Maziwa ya asubuhi yalichemshwa, yakapoa, yakafunikwa kwa sahani. Vijiti vya mti wa senetwet vilikuwa vimekaukia juu ya meko wiki mbili, tayari kuchomwa viwe mkaa. Ule ufito wa kusugulia kibuyu ndani ulikuwa magotini pake, umechongwa upya.

"Chamgei, Kogo," Calvince akamwamkia, akainama kwa heshima.

"Chamgei, mtoto wangu. Mwili wako ni mzima? Lete mgeni wangu."

Calvince akafungua begi. Akakitoa kibuyu kikiwa kimefungwa kwa taulo, akakikabidhi kwa mikono miwili. Kogo akakipapasa ubavuni, kwenye ule mshono. Akafungua kifuniko. Akakisogeza puani.

Kisha akakinusa tena. Akamnyooshea Chepkurui.

"Nusa."

Chepkurui akanusa. Hakukuwa na ule moshi mtamu anaoujua tangu akiwa mgongoni. Kulikuwa na limau. Limau kali, la chupa ya plastiki, lenye kuwasha koo.

"Cal, hii kibuyu ilioshwa na nini?"

"Ah, iko safi kabisa," Calvince akasema, bado anatabasamu. "Yule dada wa vifaa aliiosha mwenyewe. Mara mbili."

"Nimekuuliza na nini."

"Si sabuni ya vyombo."

"Sabuni!"

"Kwani..."

"Calvince. Sabuni? Ndani ya sotet?"

Tabasamu likaanza kumtoka polepole. Hata mtoto wa chekechea, wa darasa la PP2, aliyefundishwa na Chepkurui alijua kwamba kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Kibuyu si sufuria. Kibuyu kinakunywa. Ukitia moshi, kinakunywa moshi. Ukitia sabuni, kinakunywa sabuni, na hakitaitema mwaka huu wala mwaka ujao. Maziwa utakayotia humo yatakatika vipande na kunuka kama sinki. Kinaoshwa kwa maji moto na ufito, kinaanikwa, kinatiwa mkaa. Hivyo tu. Na Calvince alilijua hilo, kwa sababu alikulia kwenye moshi huo huo.

"Ulikuwepo wakiiosha?" Chepkurui akauliza.

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Chep, hebu sikiza. Dairekta alisema kwenye kamera ndani inaonekana chafu. Shujaa akiinua kunywa, taa inaingia, watu wanaona ile... ile rangi. Wakaiosha. Halafu wakatia mkaa mwingine mzuri zaidi."

"Mkaa gani mzuri zaidi?" Huyo alikuwa Kogo, kwa sauti ya chini.

"Wa chakula, Kogo. Unga laini, unakuja na mkebe. Wa vifuu vya nazi."

"Nazi," Kogo akarudia. "Nazi inamea Kericho?"

"Haimei."

"Basi huo mkaa umetoka mbali kuja kunifundisha kazi."

Calvince akachekelea kidogo, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaharakisha kutoa boksi la karatasi begini. "Hata nimewaletea. Siku hizi Nairobi watu wanakula mkaa! Mkate mweusi, aiskrimu nyeusi, hata chapati. Kuna mkahawa unafadhili filamu yetu, wametengeneza chakula cha shujaa. Tazama."

Ndani mlikuwa na mikate sita ya duara, myeusi kama soli ya gumbuti, imenyunyiziwa ufuta.

"Lakini Mzee Kimeli asile," akaongeza upesi. "Nimesoma nyuma ya boksi. Mtu wa dawa za presha asile, mkaa unashika dawa tumboni isifanye kazi."

"Kwa hivyo," Chepkurui akasema, "umetuletea zawadi ambayo baba yangu hawezi kula, na kibuyu ambayo baba yako hawezi kunywea."

"Si hivyo nilivyo..."

"Ulisema nini, Calvince? Walipochukua sabuni. Mimi ndio nauliza hiyo. Ulisema nini?"

"Ningesema nini? Chep, mimi pale ni Rafiki. Nina mistari kumi na moja filamu nzima. Mtu wa mistari kumi na moja haendi kumwambia dairekta namna ya kuosha vyombo."

"Na katika hiyo kumi na moja hukupata nafasi ya moja ya Kogo?"

"Ukileta maneno mengi wanaandika mwingine! Kuna vijana ishirini wamepanga foleni Kericho mjini kubeba hiyo kibuyu!"

"Basi wangebeba ya nyanya zao!"

Sauti yake iligonga bati kuliko mvua. Kogo hakumwambia anyamaze, na hilo lilimtisha Calvince kuliko makelele. Akamsogelea Chepkurui hatua moja, akataka kumshika chini ya kiwiko, pale penye alama ya chanjo ambapo hupenda kuweka kidole gumba. Chepkurui akauondoa mkono.

"Nyar Kimeli..."

"Usiniite hivyo leo."

Hapo ndipo mlango wa uani ulipofunguka, akaingia Nelvine, mdogo wake Chepkurui, aliyekuwa nyumbani likizo ya chuo. Alikuwa ameloa nywele na simu ameibana kwapani. Alikuwa anang'aa kwa furaha.

"Shem! Shem umewika! Uko kila mahali! Si mlijua amesambaa mtandaoni? Watu elfu mia na kitu wamekuona! Kogo, njoo uone kibuyu yako iko TikTok!"

"Nelvine, weka hiyo simu," Calvince akasema.

"Aii, unaona haya? Ngoja waone."

"Nelvine, tafadhali."

Alivyosema hilo *tafadhali*, Chepkurui akageuka. Alikuwa amependana na Calvince miaka minne. Alijua sauti yake ya njaa, ya usingizi, ya kudanganya kwamba hana homa. Hiyo ilikuwa sauti ya mtu anayeona kiti kinavutwa chini yake.

"Washa," Chepkurui akamwambia mdogo wake.

Ilikuwa klipu ya mkahawa ule. Calvince alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, amevaa joho la filamu, kibuyu cha Kogo mezani kikiwa kimezungukwa na vikombe vya aiskrimu nyeusi. Kando yake aliketi shujaa mwenye mabega. Msichana mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa akiwauliza maswali, nusu Kizungu, nusu Kiswahili.

"Ati ni kweli huko milimani kuna wamama wazee wanatia makaa ya jikoni ndani ya maziwa? Ile chafu chafu, na jivu? Halafu mnakunywa?"

Shujaa akapiga meza kwa kicheko. Msichana naye. Kamera ikamgeukia Calvince.

Na Calvince akacheka.

Hakutabasamu kwa kulazimishwa. Alicheka kwa meno yote, kichwa kikaenda nyuma, akasema, "Wewe acha tu! Sisi tumetoka mbali!" Kisha akainua kikombe cha aiskrimu. "Lakini hii sasa ndio mkaa wa watu."

Klipu ikaisha, ikaanza tena yenyewe. *Ati ni kweli huko milimani...* Nelvine alijaribu kuizima, kidole kikateleza kwa maji, ikacheka tena. Alipoizima hatimaye, furaha ilikuwa imemwisha usoni. Akaiweka simu juu ya gunia la mahindi kana kwamba inaunguza.

"Mimi sikuwa nimesikiza maneno," akasema. "Niliona tu uso wake. Kogo, pole."

Kogo alikuwa anatazama moto.

"Calvince," akasema, "kuja hapa mbele yangu."

Calvince akaenda. Akapiga magoti bila kuambiwa, viatu vyeupe na vyote, kwenye sakafu ya udongo.

"Mama yako alipokuzaa alikaa mwezi mzima hana maziwa. Alikuwa na homa. Nani alivuka bonde asubuhi na jioni?"

"Ni wewe, Kogo."

"Nilibeba nini?"

"Kibuyu."

"Ilikuwa na nini ndani?"

"Kogo, nisamehe."

"Sijafika huko. Nimesikia umecheka ndani ya simu. Simu ni kitu kidogo, na masikio yangu yamezeeka. Sasa niko hapa karibu. Cheka."

"Kogo..."

"Cheka nikusikie vizuri. Kama ulivyocheka kwa wale."

Mvua ilikuwa imegeuka mawe, ile mvua ya mawe inayotoboa majani ya chai yakawa kama chujio, nayo ilipiga paa kwa kishindo. Calvince alifungua kinywa. Kilichotoka hakikuwa kicheko.

"Nelvine," akasema ghafla, akijipangusa uso kwa kiganja, "chukua simu. Nirekodi. Nitasema hapa hapa, watu wote waone, nitawaambia..."

"Weka simu chini!" Chepkurui akafoka. "Usitufanyie filamu hapa! Hakuna kamera, hakuna dairekta, hakuna mtu wa kukushika ukianguka. Kama una neno, ongea kama mtu!"

Calvince akamtazama. Macho yao yalikutana kama yalivyokutana mvuani saa ile, lakini sasa hakuna aliyeweza kuyavumilia ya mwenzake.

"Nilicheka ili wasinicheke," akasema taratibu. "Ndiyo hiyo. Wote pale wamesoma shule za maana. Wananiuliza baba yako anafanya nini, nasema yuko kwa kilimo. Sisemi alichuma majani. Huyo msichana alipouliza, nikaona swali linalofuata ni langu. Ati wewe umekulia wapi, kwa nyumba ya chumba kimoja? Nikawatangulia kucheka ili lisifike."

"Ukawapa nyanya yangu wamcheke badala yako," Chepkurui akasema.

"Ndiyo."

"Mtu mzima. Ukamsukuma mzee mbele, ukajificha nyuma yake."

"Ndiyo, Chep."

"Na ungeambiwa ni mke wako? Kesho wakikuuliza, ati mke wako anafundisha watoto kupangusa pua huko Kimulot, utacheka?"

Hakujibu. Na kwa kuwa hakujibu haraka, Chepkurui akaiminya leso. Alikuwa ameuliza kwa hasira, hakutegemea kungoja jibu. Alikuwa amekataa wanaume wawili kwa ajili yake. Alikuwa amenyamaza miaka minne mezani baba yake akisema, "Mwanamume anayefanya kazi ya kuanguka mbele ya kamera," na, "Watu wa ziwani ni wa maneno tu." Kila mara alikuwa akijibu, "Baba, humjui. Cal hawezi kunitupa."

"Nimekuuliza!"

"Ningecheka," Calvince akasema. "Juzi ningecheka. Sikutaka kukudanganya."

Nelvine akaziba mdomo.

"Ameongea ukweli mara moja leo," ikasema sauti kutoka mlango wa uani.

Mzee Kimeli alikuwa amesimama hapo, koti la mvua likichuruzika, ndoo ya maziwa ya jioni mkononi. Hawakujua amesimama kwa muda gani. Akaweka ndoo chini. Akachukua kibuyu, akanusa, akakirudisha pale alipokitoa, polepole sana, kama mtu anayeshika kitu cha maiti.

"Mama," akamuuliza Kogo, "Jumamosi utamimina nini?"

"Sina cha kumimina."

"Kibuyu kingine?"

"Hivyo vingine ni vya wachunga ng'ombe. Sitamiminia wageni wa Chepkurui kwa kibuyu cha malishoni."

"Basi imeisha." Mzee Kimeli akamgeukia Calvince. Hakupaza sauti, hasira yake ilikuwa ya watu wanaoamka saa kumi za usiku kukamua, haina haraka. "Kijana, mpigie baba yako. Mwambie Ouko asisumbuke. Mke wangu Priscah amekwenda Kapkatet kutafuta viti vya kuazima, nitamwambia arudi mikono mitupu. Hatuna ubaya na baba yako. Alikuwa jirani mzuri. Lakini wasije."

"Mzee, watakuja," Calvince akasema.

"Umesemaje?"

Calvince akainuka kutoka magotini. Chepkurui aliona kwamba hajui aweke wapi mikono.

"Kwa heshima, Mzee. Baba atakuja, na baba mdogo Joab, na mama. Sitawazuia. Watakuja waione aibu yangu wenyewe. Nitasimama mbele yao na mbele ya ndugu zako wote, niseme nilichofanya. Niseme nimeacha kibuyu kioshwe na sabuni nikiwa nimesimama hapo. Niseme nilicheka. Baba hajaona hiyo klipu, hana simu ya kuonyesha picha. Ataisikia kutoka kwangu."

"Baba yako alikunywa kwa kibuyu cha nyumba hii siku mama yako hana nguvu ya kupika," Mzee Kimeli akasema. "Atakupiga mbele ya watu."

"Apige."

"Na hao wa filamu?"

"Dairekta alikuwa ameniahidi Rafiki atafufuka sehemu ya pili. Nikimwambia waondoe klipu, hatafufuka. Nitamwambia."

"Wakikataa kuiondoa?"

"Watakataa, Mzee. Watu elfu mia. Hawawezi kuondoa." Akamtazama Mzee usoni. "Siahidi hiyo. Naahidi mdomo wangu tu."

"Mtakuja mkunywe nini?"

"Hatutakunywa."

Mzee Kimeli akamtazama mama yake. Kogo akachukua sufuria ya maziwa yaliyopoa, yale yaliyokusudiwa Jumamosi, akaiteleka motoni. "Haya tutakunywa na chai," akasema. "Maziwa hayana kosa." Kisha akasema bila kugeuka, "Nyinyi wanaume mnapanga na kupangua. Anayeolewa ni mimi? Muulizeni mwenyewe."

Wote wakamtazama Chepkurui.

Alikuwa ameegemea mlango, mikono ameikunja kifuani, leso imeminywa ngumini. Angeweza kusema *asije*, na mambo yangekwisha. Baba yake angefurahi bila kuonyesha. Mwaka ujao angemsahau, au angejifanya. Alimtazama huyu mwanamume mwenye magoti ya udongo, ambaye dakika mbili zilizopita alipewa nafasi ya kudanganya akaikataa, na kwa ajili hiyo akazidi kumchukia, na kwa ajili hiyo akashindwa kumfukuza.

"Toka nje," akamwambia.

Wakatoka wote wawili, wakasimama chini ya upenu, mawe ya mvua yakirukaruka miguuni. Mbele yao chai ilikuwa imelala, safu kwa safu, majani yamechanika.

"Usidhani nimekusamehe," Chepkurui akasema.

"Sidhani."

"Nimekasirika mpaka meno yananiuma. Nikikuangalia naona hayo meno yako kwa simu."

"Najua."

"Hujui! Ungejua usingekuwa unanitazama hivyo!"

"Nikutazame vipi?"

"Usinitazame!"

Akainamisha macho. Hilo nalo likamuudhi.

"Baba anataka nikwambie usije," Chepkurui akasema. "Na ningesema hivyo ningelala vizuri leo. Lakini ukisamehewa kwa simu, au ukifukuzwa jikoni, itakuwa rahisi kwako. Mimi sitaki iwe rahisi. Nataka useme mbele ya baba yako, na mama Ayoo asikie. Na mimi nitakuwa nimeketi hapo, na nitakuuliza tena lile swali la mke. Mbele ya watu wote. Ukikaa kimya hata kidogo kama ulivyokaa, ninasimama ninaingia ndani, na hutaniona tena, Calvince. Hata kanisani."

"Na nikijibu?"

"Ukijibu, tutajua kama kuna siku nyingine. Sijasema zaidi ya hiyo."

"Inatosha."

"Haitoshi! Usiseme inatosha kama mtu aliyepewa zawadi!"

Calvince akavaa begi lake tupu begani. Pikipiki ilikuwa imekwisha kuondoka. Ingemlazimu kuteremka kwa miguu mpaka barabara ya lami. Aliteremka hatua tatu kwenye matope, akasimama, akageuka. Maji yalikuwa yanamwingia shingoni na hakujikinga.

"Jumamosi tufike saa ngapi?"

"Saa nne. Ukichelewa dakika moja, usiingie."

"Nitafika saa tatu."

"Nimesema saa nne!" Chepkurui akapiga kelele, sauti ikampasukia katikati. "Saa tatu nitakuwa bado nalia."